Kupima samaki wa ufukweni Ziwa Nyasa sisi wenyewe: mwongozo kamili kwa watu wa mwalo (pale mitumbwi inapotua na samaki wanaposhushwa)

Vikao vya uvuvi huku Kyela vinafanana sana. Mzee anasimama anasema samaki wameisha, kijana anasimama anasema mzee samaki wapo ila wamehamia kilindini, afisa anasema takwimu zinaonyesha hivi na hivi, mtu wa nyuma anauliza takwimu za mwalo gani, zilichukuliwa lini, na nani, na hapo kikao kinavunjika. Mwenye sauti kubwa ndo anaondoka na ushindi na kesho yake kila mtu anarudi ziwani na nyavu zake zilezile.

Nimekaa na kundi la BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi wa mwalo) kwenye mwalo mmoja upande wa Matema, tunapima samaki kwa ubao, mizani na daftari. Hatuna maabara, hatuna boti ya utafiti. Tulichojifunza nakiweka hapa chote ili mwalo mwingine usianze sifuri, iwe Kyela, Ludewa, Mbamba Bay, na hata wale wa Mtera na Rukwa wanaweza kuchukua sehemu kubwa wakabadilisha tu majina ya samaki.

Kwanza lijue ziwa lako, maana bila hili namba zote zitakupoteza. Ziwa Nyasa lina kina karibu mita 700 lakini ukishapita mita 200 na kitu kwenda chini hamna oksijeni, maji ya chini na ya juu hayachanganyiki, samaki hawezi kuishi kule. Kwa hiyo hiyo hoja ya kuhamia kilindini ina mwisho wake jamani, kuna sakafu pale ambayo samaki hapiti. Ziwa ni kubwa kwenye ramani ila samaki wengi tunaowategemea wanazaliana na kukulia kwenye ukanda mwembamba tu kando ya nchi kavu.

Na huo ukanda sio wa aina moja. Ukitoka Matema kuelekea Ikombe kwa wafinyanzi wa vyungu, milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja, ni miamba mitupu, humo ndo kuna mbuna, hawa wadogo wa rangi ambao wazungu wanafuga kwenye vioo. Mbuna hatembei mbali, anakula ukoga wa kwenye mawe na hapendi kuvuka mchanga, ndo maana mwamba huu una aina zake na ule wa mbele una zake. Ukigeuka upande wa Kyela ni tambarare, mchanga, matete, na mito inamwaga maji humo, Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Hapo ndo magege (perege wa ziwa, Malawi wanaita chambo) wanatafuta maji mafupi ya kutengeneza viota, na hapo kwenye midomo ya mito ndo mbasa anapita kwenda juu kutaga kwenye changarawe. Dagaa yeye yuko maji ya wazi. Samaki wanne, maisha manne tofauti, halafu sisi tunawaita wote "samaki wameisha". Ndo maana hatua zote zinazofuata zinatenganisha samaki kwa aina, ukiwachanganya kwenye daftari umeshaharibu.

Ruhusa na watu

Anza ofisi ya kijiji kwa mtendaji, halafu viongozi wa BMU, halafu afisa uvuvi wa halmashauri. Usiruke hata mmoja. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo au umetoka nje, jua kwamba utafiti rasmi una vibali vyake, kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kama unahusika nacho kishughulikie kabla hujashuka ziwani. Ila BMU kuweka kumbukumbu za mwalo wake ni kazi yake, hiyo hamna wa kuikataza. TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1980, ina kituo hapahapa Kyela, wapelekeeni taarifa mapema kwamba mnaanza, mtawahitaji kwenye majina ya samaki na kwenye mahesabu magumu.

Chagueni watu wanne. Wawili wanapima, mmoja anaandika, mmoja anaongea na wavuvi. Na huyu wa nne ndo wa muhimu kuliko wote, awe mtu anayeheshimika, asiwe mtu wa doria. Mvuvi akihisi unapima nyavu zake ili umkamate atakudanganya, na ana haki ya kuogopa. Sisi tulikubaliana mbele ya kikao kwamba daftari la vipimo haliandiki jina la mvuvi, linaandika namba tu, na haliendi kwenye doria hata siku moja. Bila makubaliano hayo msianze.

Halafu, naomba hili mlichukulie kwa uzito, ingizeni akina mama wanaopara na kukausha samaki. Wao ndo wanafungua matumbo kila siku. Mama mmoja pale kwetu alituambia mwezi gani magege wanakuwa na mayai kabla hatujapima hata samaki mmoja, na tulipopima ikawa vilevile.

Majina

Kaeni siku moja nzima na wazee mpige picha kila aina ya samaki anayeshuka mwaloni. Mlaze ubavu, kichwa kushoto, mapezi yafunguliwe kwa kidole, rula iwe pembeni. Andikeni jina analoitwa na Wanyakyusa, na Wakisi, na jina la soko la Mwanjelwa kule Mbeya, maana samaki mmoja anaweza kuwa na majina matatu na jina moja linaweza kubeba samaki watatu. Wadogo na wakubwa wa aina moja nao mara nyingi wana majina tofauti kabisa. Pelekeni picha TAFIRI wawape jina la kitaalamu, chapisheni, bandikeni ofisini. Msianze kuhesabu kabla ya hapo.

Vifaa

Ubao wa kupimia, fundi seremala anautengeneza kwa nusu saa. Ubao laini wa sentimita 60 au 70, upande mmoja unapigiliwa kipande kimesimama wima ambapo mdomo wa samaki utagusa, katikati unabandika futi ya fundi nguo ikianzia sifuri pale pale kwenye kipande, halafu unapaka vanishi. Futi za karatasi zinavutika zikilowa, tafuta ya plastiki na kila mwezi ilinganishe na rula ya chuma. Mizani mbili, moja ya kuning'iniza kwa ajili ya ndoo na tenga, na ndogo ya jikoni ya gramu. Kila asubuhi pima kitu kimoja unachokijua uzito, mfano pakiti ya sukari ya kilo ambayo haijafunguliwa, kama inasoma tofauti andika au rekebisha. Penseli, sio peni, wino ukilowa unakimbia.

Siku gani, mtumbwi gani

Hapa ndo watu wengi wanaharibu bila kujua. Ukienda siku unayojisikia utaenda siku ya samaki wengi, ni tabia ya binadamu. Ukichagua mtumbwi unaokuvutia utachagua uliojaa. Kwa hiyo pangeni siku mwanzoni mwa mwezi kwa kura, mfano siku sita kwa mwezi, na ikifika mnaenda hata mvua inyeshe, na Kyela mvua mnaijua. Hakikisheni siku hizo zimesambaa kwenye mwezi wa angani pia, maana dagaa wanavuliwa kwa taa na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, ukipima usiku wa giza tu utasema dagaa wamejaa na ukipima mbalamwezi tu utasema wameisha.

Siku ya kupima, wa kwanza kufika ahesabu mitumbwi yote iliyotoka usiku ule. Yote. Halafu chukueni kila wa tatu au kila wa nne unavyotua, bila kuangalia una nini. Mtumbwi ukitua mtupu na ni zamu yake, unaandikwa, kilo sifuri. Sifuri ni kipimo kama vipimo vingine. Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa tunairuka mitupu, tunaona aibu kumsumbua mtu aliyekosa, mwisho wa mwaka wastani wetu ukawa mkubwa kuliko hali halisi na ikabidi tuutupe mwaka mzima. Iliniuma sana.

Na wakati wa mwera, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane hivi upepo ukiwa mkali, mitumbwi mingi hailali ziwani kabisa. Hiyo nayo iandikwe, leo hamna aliyetoka, mwera.

Maswali ya kumuuliza mvuvi

Machache, amechoka, ana baridi. Umetoka saa ngapi umerudi saa ngapi. Mlikuwa wangapi. Nyavu ngapi au ndoano ngapi. Mlivua wapi, miamba, mchanga, matete au mdomo wa mto. Basi.

Matundu ya wavu pima mwenyewe kwa ruhusa yake, vuta matundu kumi yakiwa yamenyooka, pima kutoka fundo la kwanza mpaka la mwisho, gawa kwa kumi. Tundu moja moja linadanganya. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zina viwango vya matundu na zana zilizokatazwa, kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni) limo, mulizeni afisa uvuvi awape viwango vya sasa vya ziwa letu kwa maandishi mvibandike ofisini, kila mtu avisome mwenyewe.

Kwa nini nasumbuka na saa na idadi ya nyavu? Kwa sababu kilo peke yake haisemi kitu. Baba yako alikuwa anarudi na kilo 20 kwa nyavu mbili, wewe unarudi na kilo 20 kwa nyavu nane na umeenda mbali mara mbili. Sokoni mko sawa. Ziwani hamko sawa kabisa.

Kupima urefu

Usichague samaki. Chota kutoka kwenye tenga bila kuangalia, aina moja moja, thelathini kila aina kama wapo, kama hawafiki wapime wote. Dagaa koroga ndoo halafu chota kopo moja, wapime hao wa kwenye kopo kwa milimita.

Magege mkia wake hauna panda, pima ncha ya mdomo mpaka mwisho wa mkia, mdomo umefungwa. Mbasa mkia umegawanyika kama umbo la V, pima mpaka pale panapogawanyikia. Ukishachagua njia kwa aina fulani usibadilishe milele, iandike nyuma ya ubao kwa rangi, kwa sababu mpimaji akibadilika na yeye akapima kivyake utaona samaki "wamekua" ghafla kumbe ni mkia.

Mayai

Hii ndo hatua iliyobadilisha mawazo ya wavuvi wetu kuliko zote. Kila wiki kaeni na akina mama wanaopara, kila jike kabla hajafunguliwa anapimwa urefu, akifunguliwa mnaangalia mayai, je yapo na yameiva, yaani makubwa na yanaonekana moja moja kwa jicho, au ni uzi mwembamba tu. Fanyeni hivyo miezi ya kuzaliana. Panga kwa makundi ya sentimita mbili mbili, 14 hadi 16, 16 hadi 18 na kuendelea. Kundi la kwanza ambalo nusu ya majike wamekomaa, huo ndo urefu wa ukomavu wa samaki wenu. Chini ya hapo unavua mtoto ambaye hajawahi kuzaa.

Kwa magege angalieni na mdomo. Magege mama anabeba mayai na vifaranga mdomoni, akinaswa anatema, kwa hiyo ukiona mayai ya njano yamezagaa chini ya mtumbwi ni ya hao. Mayai yenyewe ni mamia tu, sio maelfu kwa maelfu kama samaki wengine, anategemea ulinzi sio wingi. Ukimvua akiwa amebeba umevua familia nzima.

Makazi

Mara moja kwa mwezi zungukeni na mtumbwi, simu ikiwa na GPS, mweke alama pa kudumu kama sehemu kumi, miamba, mchanga, matete, midomo ya mito. Kila sehemu andikeni matete yamefika wapi, kuna viota (vile visahani na vilima vya mchanga), na uwazi wa maji. Uwazi unapimwa kwa sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20, igawe robo nne, paka nyeupe na nyeusi kwa kupishana, funga jiwe chini, kamba iwe na fundo kila nusu mita. Shusha upande wa mtumbwi wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, soma inapopotea, vuta soma inapoonekana tena, chukua katikati.

Tulivyofanya mwaka mzima tuliona kitu ambacho kila mtu alikuwa anakijua lakini hamna aliyekiandika, masika yakishika midomo ya mito inakuwa chai ya maziwa, sahani inapotea hapohapo juu. Ule ni udongo unaotoka kwenye mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni mwa mto huko juu. Changarawe ikifunikwa tope mayai ya mbasa yanakosa hewa. Kwa hiyo kikao cha samaki kinatakiwa kiwe na mkulima wa juu pia, sio mvuvi tu.

Usalama, sitaki mtu aumie kwa mwongozo wangu. Midomo ya mito na matete yana mamba, msiingie majini hapo kwa sababu yoyote, pimeni mkiwa ndani ya mtumbwi. Kichocho kipo pia kwenye maji yaliyotulia, mkipata dalili nendeni zahanati.

Mahesabu

Nawapa mfano wa kubuni. Siku hiyo mitumbwi 30 imetoka. Mmepima 8, jumla ya magege kilo 96. Wastani ni 96 gawa 8, kilo 12 kwa mtumbwi. Zidisha 30, mwalo umeshusha kama kilo 360 za magege siku hiyo. Halafu pata na kilo kwa kila wavu kwa usiku, kama ile mitumbwi 8 ilikuwa na jumla ya nyavu 48 ni kilo 2 kwa wavu. Hii namba ya mwisho ndo ya kuifuatilia mwezi hadi mwezi.

Za urefu chora kwenye karatasi kubwa ya manila. Mstari wa chini sentimita, kila samaki ni alama moja juu ya kundi lake, unapanda nguzo. Weka mstari mwekundu pale kwenye urefu wa ukomavu. Mtaalamu wa samaki Rainer Froese mwaka 2004 alishauri maswali matatu ya kuuliza picha kama hii: wangapi wameshakomaa, wangapi wako kwenye ule urefu ambao uvuvi unatoa uzito mwingi bila kuumiza, na mama wakubwa kabisa wamebaki wangapi. La pili linataka hesabu za ukuaji, waachieni TAFIRI. La kwanza na la tatu mtoto wa darasa la saba anajibu kwa kuhesabu alama.

Usidanganyike

Dagaa maisha yake ni mafupi, mwaka hivi, na wingi wake unapanda na kushuka sana kufuata hali ya ziwa. Mwaka mbaya mmoja wa dagaa sio ushahidi wa kitu, subiri miaka mitatu minne. Magege kinyume chake, ndo anatisha zaidi, kwa sababu anakusanyika sehemu zilezile kuzaliana, na mvuvi mzoefu anazijua, kwa hiyo kilo kwa wavu inaweza kubaki nzuri huku samaki ziwani wanakwisha, mnavua mkusanyiko wa mwisho mwisho. Kwa magege amini zaidi nguzo za urefu. Zikianza kuhamia kushoto mwa mstari mwekundu, simamisheni kila kitu mkae.

Wenzetu wa Malawi wameshapitia. Ziwa Malombe, kule kusini, chambo alianguka miaka ya 80 kuingia 90, nyavu za matundu madogo zilimaliza watoto na kokoro likang'oa majani ya chini ya maji walipokuwa wanakulia. Na samaki wao mwingine anayepanda mito, ntchila, alikwisha kwa nyavu kutegwa midomoni mwa mito wakati anapanda kutaga. Mbasa wetu anapita njia hiyohiyo, kwenye midomo ya mito yetu, na nyavu ziko palepale.

Kupeleka kwenye kikao

Wavuvi wenyewe waone kwanza, kabla ya halmashauri, kabla ya mtu yeyote. Bandikeni manila mwaloni wiki nzima watu wabishane nayo. Msianze na adhabu, anzeni na swali moja dogo ambalo namba zenu zimelijibu vizuri. Sisi tulianza na mdomo wa mto mmoja tu, miezi ambayo daftari lilionyesha mbasa wenye mayai ndo wanapita, hamna wavu kuanzia alama ya mti hadi alama ya jiwe. Miezi michache, mahali padogo, kila mtu anapaona. Pendekezo likipita BMU linaenda serikali ya kijiji, halafu halmashauri ili liwe sheria ndogo. Na endeleeni kupima mdomo wa mto mwingine ambao haujafungwa, bila wa kulinganisha nao hamtajua kama kufunga kumesaidia au ni mvua tu.

Mwisho, daftari. Kila jioni kila ukurasa upigwe picha, itumwe kwenye simu mbili tofauti, na mwisho wa mwezi mtu aingize kwenye ekseli, mwingine asome kwa sauti kuhakiki. Nakala moja ibaki kijijini, moja BMU, moja kwa afisa uvuvi. Daftari letu la kwanza lilikuwa kwenye mtumbwi siku mwera ulipotuvamia karibu na Ikombe, watu wote tulitoka salama, miezi minne ya vipimo ikabaki ziwani.